Barua Zisizo na Anwani

Kiharusi kilimkuta Gunhild jikoni, amesimama,
theluji ya Machi ikikwangua dirisha,
kisu mkononi, kiazi kimemenywa nusu.
Hakupiga kelele. Alikitazama tu kile kiazi
kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani,
kisha upande wake wa kulia ukaporomoka
kama pazia lililong'oka msumari.

Miaka thelathini na minne alipanga barua posta ya Lund.
Mitaa aliijua kwa vidole:
hii ya kasisi, hii ya mdaiwa,
hii ya mjane wa ghorofa ya tatu
anayejiandikia mwenyewe kadi za Krismasi.
Leo birika analiita Jumanne.
Mimi, Evert, mumewe, ananiita ngazi.
Naitika.

Daktari Nilüfer, kijana, soksi zake hazifanani,
aliipachika picha ya ubongo mbele ya taa.
Hapa, akasema, pamekufa. Doa
lisilozidi ukucha wa kidole gumba,
na ndani ya ukucha huo
majina ya maua yote,
asante, kijiko, jana.

Nikamwuliza: je, panaota tena?
Akavuta kiti, akakaa. (Daktari akikaa naogopa.)
Kwa panya, akasema, tumeona.
Katikati ya ubongo kuna vyumba vya maji,
na kwenye kuta zake huzaliwa seli changa.
Kiharusi kikipiga, huzaliwa maradufu,
hutoka, zimeshika mishipa ya damu
kama watu wanaopapasa ukuta umeme ukikatika,
zikielekea palipoungua.
Nyingi hufa njiani.
Nyingi mno, akaongeza, maana nilianza kutabasamu.
Chache hufika. Chache zaidi hupata wa kuzungumza nao,
na seli isiyosemezwa hujifia kimya.

Na kwa binadamu?

Kwa binadamu bado tunabishana.

Jibu hilo nililipakia kwenye baiskeli, nikaenda nalo nyumbani
katika upepo wa kukata masikio.
Tunabishana. Hakusema hapana.
Mimi na Gunhild tumebishana miaka arobaini na tisa
na paa bado liko juu.

Basi kila asubuhi namwekea mezani vitu sita:
kijiko, sega, ufunguo, kitunguu, kofia, stempu.
Kijiko, nasema.
Ki, anasema. Ki. Ki.
Mdomo unapekua kama mkono ndani ya mfuko wa koti la mtu mwingine.
Kiazi, anasema,
na kwa kuwa anajua si chenyewe
analirusha sega ukutani, analia.
Naliokota. Sijui tena kama namfundisha mke wangu
au nawapigia mbiu wale wasafiri wadogo gizani:
huku, huku kuna mtu, kuna kazi,
msife kabla hamjasemezwa.

Zipo siku sioni kitu. Nalisema hilo pia.
Zipo siku najifungia bafuni,
nakaa ukingoni mwa beseni
na kukichukia kiazi kile kwa moyo wangu wote.

Juni, mwanga ukigoma kuondoka hadi saa tano usiku,
barua ilidondoka mlangoni, si yetu.
Jina geni, mtaa wa ng'ambo ya reli.
Gunhild akainyakua kwa mkono wa kushoto,
akaigeuza, akaipima uzito,
na mkono wa kulia, uliolala tangu Machi,
ukainuka kimo cha kidole,
ukanyooka kulia, juu, rafu ya tatu,
rafu iliyokwisha kung'olewa zamani
na kuuzwa chuma chakavu.

"Imepotea njia," akasema.

Maneno mawili. Mazima.
Yametoka wapi, yamepitia mshipa gani,
mangapi yaliyofuatana nayo yameanguka,
sikuuliza.
Nilitaka kumpigia daktari simu; nikaiacha simu pale pale.
Nilichemsha maji ndani ya Jumanne,
nikamimina vikombe viwili,
nikavaa viatu
niipeleke barua ya watu.